Bega Lako la Kushoto

Paskalina binti Domi,

Najua utaanza kucheka kabla hujasoma. Baba kaandika barua! Cheka, lakini cheka kwa adabu, maana hii ni kazi ya mtu aliyeacha shule darasa la tano. Mwalimu wangu alisema mwandiko wangu ni kama wa kuku aliyekanyaga majivu. Nikamjibu kwamba kuku angalau anajua anakokwenda. Alinichapa, lakini darasa zima lilicheka, na mimi tangu zamani kicheko cha watu nakipenda kuliko ngozi yangu. Hilo ndilo tatizo langu, na ndilo nitakalokueleza.

Umekwenda Nakwa kumuaga bibi yako. Mama yako yuko uani anapiga pasi nguo zako na moshi wa mkaa unanifuata mpaka hapa mezani. Jua bado linamulika mlima Kwaraa, kwa hiyo usije ukasema niliandika gizani ndiyo sababu mistari imepinda. Imepinda kwa sababu ni yangu. Habari za sabuni, na blanketi, na usimwazime mtu kitana, ameshakwambia mama yako, na akimaliza ataanza upya. Mimi siongezi hata chumvi.

Nakuandikia kwa sababu ya juzi. Nilikuwa nyuma ya jiko nachonga mpini wa jembe, nyinyi mkidhani nimetoka. Nikakusikia unamwambia mama yako, "Mama, mimi naona nisubiri mwaka huu. Nikienda Moshi, nani atamshika baba?"

Mama yako akasema, "Nafasi ya chuo haisubiri mtu."

Ukasema, "Na baba je, yeye anaweza kusubiri?"

Mpini ulinitoka mkononi. Sikuja kuwaambia kitu. Ningekuja tungeanza utani, na siku hizi kwa utani unanishinda, jambo ambalo nalikanusha mbele za watu. Tena sanduku lako nimeliona. Nguo umepanga upande mmoja tu, kama mtu ambaye hajaamua. Basi soma hii ukirudi, kabla hujalala, halafu ujaze upande wa pili.

Unajua kwamba nilianguka kwenye lori. Nilivyoanguka hujui, maana mimi ndiye niliyekuwa nasimulia na mimi sijawahi kusimulia vibaya upande wangu. Nilikuambia lori liliruka shimo. Barabara ya Kondoa ina mashimo, hilo si uongo. Lakini siku ile lori lilikuwa linakwenda taratibu kama ng'ombe wa maziwa. Nilikuwa utingo, nimekaa juu ya magunia ya mahindi, na pale Singe tukapita wasichana waliokuwa wanatoka kisimani. Nikasimama. Nikafungua vifungo vya shati. Nikaanza kucheza, mkono mmoja kiunoni, mwingine napungia kama kiongozi. Nilikuwa na mke na mtoto wa darasa la tano, mwanangu, lakini kumbuka nilikupata nikiwa sijaota ndevu za kutosha kunyolewa. Tulikua pamoja mimi na wewe, ila wewe ulikua upesi zaidi. Tawi la mti likanikuta nageuka kuona kama wanaendelea kutazama.

Walikuwa wanaendelea kutazama. Ndilo jambo la mwisho nalokumbuka, na nisiwe mnafiki, lilinifurahisha.

Nilipotoka wodini mifupa ilikuwa mizima, kichwa kimeshonwa, ila dunia ilikuwa imeinamia kulia. Sijui nikuelezeje. Ni kama mtu ameweka kijiti chini ya mguu mmoja wa meza. Nikisimama, kulia kunanivuta. Nikigeuza kichwa upesi, ukuta unageuka nao. Kipindi kile kila kitu kilikuwa cha foleni, sukari foleni, sabuni foleni, na mimi kwenye foleni ya duka la ushirika nilikuwa namwangukia mama wa watu. Siku moja wakasema, "Huyu kijana wa lori kalewa asubuhi yote hii!" Unajua nilifanya nini? Nilianza kuimba. Niliimba wimbo wa kilevi ili wasadiki vizuri. Niliona afadhali niitwe mlevi kuliko kilema, maana mlevi ni mwanamume aliyejichagulia mwenyewe. Padri akamwita mama yako kumpa pole kwa ulevi wangu. Mama yako akanyamaza kwa ajili yangu, akabeba aibu ya pombe ambayo sikunywa. Hilo nililielewa baadaye sana, na bado sijapata maneno ya kumwambia. Wewe unayo shule, labda utanitafutia.

Na ndipo ulipoanza wewe. Hakuna aliyekutuma. Siku moja tunatoka kanisani nikayumba, ukaja kulia kwangu na mkono wangu ukakuta bega. Lilikuwa bega la urefu unaofaa kabisa, kama limechongwa. Ukasema kwa sauti, watu wasikie, "Baba, twende nikuonyeshe kitu." Hakukuwa na kitu cha kuona. Nikajisemea, huyu mtoto ana akili yangu. Toka hapo tukawa wawili. Watu wakasema, tazama Domi anavyompenda binti yake, hatembei bila yeye. Nikajigamba nalo pia!

Ile hospitali ya misheni ilikuwa na wataalamu wa viungo wawili, na wewe uliwajua kwa nje tu, kwa sababu mambo yao makubwa waliyabishania juu ya kichwa changu. Mzee Bura alikuwa na mikono kama ya mwashi. Anakushika kiunoni, anafumba macho, anakwambia, "Tembea." Alikuwa anasikia kwa mikono mahali ulipokuwa unataka kuangukia kabla hujaanguka. Sista Restituta alikuwa bado kijana, ametoka kusoma, na ndiye aliyekabidhiwa ile video waliyoiacha wageni: kamera ya kubeba begani kama bomba la bunduki, na sanduku la televisheni ambalo nusu ya Babati ilikuja kuliona likiwa limezimwa.

Walikuwa hawapatani. Kwa heshima zote, lakini hawapatani.

"Mgonjwa hajui anavyotembea," Sista Restituta alisema. "Ukimwambia unaegemea kulia, anadhani unamtukana. Ajione mwenyewe. Na mwezi ujao tumpige video tena, tulinganishe."

"Mashine inaona mguu," Mzee Bura akasema. "Haioni hofu. Hofu iko hapa," akanifinya mbavuni, nikaruka. "Umeona? Hiyo utaipiga picha gani? Halafu dizeli ya jenereta ni ya chumba cha upasuaji. Mkono wangu hauli dizeli."

"Mkono wako, mzee, ukistaafu tutaubakiza hapa?"

Mzee Bura akacheka mpaka akakaa. Mimi nilikuwa upande wa Sista, si kwa hoja, ni kwa sababu nilisikia neno video. Kwetu video ilikuwa kitu kimoja tu: wale Wachina wanaorushana mateke juu ya mapaa, tuliowaona kwa jenereta pale sokoni. Sista aliponiambia, "Baba Paskalina, kesho tunakupiga video," sikulala. Nilijua mambo yangu yamefika.

Sasa ngoja nikuambie nilivyovaa. Wewe ulikuwa shule, hukuona. Nilivaa suruali ya bugaluu, ile ya kahawia yenye kufagia barabara. Shati la kola ya masikio ya tembo. Na miguuni, mwanangu, nilivaa raizoni za rafiki yangu dereva, soli ndefu kama matofali mawili. Mimi! Mtu ambaye nyumbani kwake alikuwa anapita akishika ukuta! Nilipelekwa kwa baiskeli ili zisiingie vumbi.

Sista akaweka jicho kwenye kamera, akasema, "Njoo." Nikaja. Akasema, "Rudi." Nikarudi. Akaishusha kamera.

"Baba Paskalina, natafuta miguu yako, naona mapazia."

Mzee Bura akainama akapandisha bugaluu kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua sufuria la jirani. Akaziona raizoni. Alikwenda akaegemea dirisha, mabega yakitetemeka. Halafu akasema bila kugeuka, "Restituta, leo nakubali. Video ni kitu kikubwa. Mimi katika kazi yangu yote hakuna mgonjwa aliyewahi kunivalia hivi."

Siku ya pili nikavalishwa kaptula, pekupeku. Nilikuja na wewe, ulikuwa umetoka shule. Ukakaa kwenye benchi na madaftari yako. Sista akasema, "Tembea kama unavyotembea siku zote." Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo kazini kwako, ukishakuwa mtaalamu wa viungo kama wao, utaliona kila siku, kwa hiyo lione kwanza kwangu. Nilitembea kama nisivyotembea siku yoyote. Nilikaza meno, nikakaza shingo, nikabana pumzi, nikachagua msumari ukutani nikaukodolea macho, nikaenda nao kama risasi. Nikageuka polepole, kumbe natetemeka mpaka kwenye masikio, nikarudi nikitabasamu. Sista akafurahi. "Umenyooka!" Mzee Bura akasema, "Huyo si Domi. Huyo ni mtu anayebeba Domi." Mimi nikamwona ana wivu.

Baada ya wiki chache wakaja wataalamu wenzao kutoka hospitali nyingine, gari lao limekwama Magugu nusu siku kwa kukosa mafuta. Walitaka kuona hiyo video na kutoa maoni, kama inafaa kununuliwa au ni mchezo wa wageni. Mimi nikaitwa kama mfano, na wewe ukaja kwa sababu nisingefika bila wewe. Jenereta ikawashwa, chumba kikajaa, nikakaa mstari wa mbele kama bwana harusi.

Nikajiona natokea. Mungu wangu, nilipendeza. Nikasema kwa sauti, "Huyo kijana ni nani?" Wakacheka. Kisha wakaanza kubishana kitaalamu. Mmoja mnene akasema kwake wagonjwa wanatoka mbali, wakienda nyumbani wanasahau mazoezi, angependa mkanda wa kuwakumbusha, lakini wautazamie wapi, kwenye shina la mgomba? Mama mmoja akasema yeye angeutumia kufundishia vijana, siyo kwa mgonjwa, maana mgonjwa akijiona anaweza kukata tamaa. Mwingine akasema kinyume, akijiona ndipo atapata hamu. Mzee Bura alikuwa nyuma amefumba macho kama kawaida yake. Sista akasema, "Lakini huyu tazameni, amenyooka, mimi namwandikia ruhusa ya kuacha mazoezi."

Nilikwisha nyanyuka nipokee pongezi. Ila mkanda haukuwa umekwisha.

Sista siku ile alisahau kuizima. Aliiweka mezani akidhani imelala, nayo ikaendelea kutazama peke yake, imeinama kidogo. Mle ndani tukaona ukuta, tukaona benchi, kisha tukaniona mimi, ninapodhani hakuna anayeniona. Pumzi imetoka. Tabasamu limetoka. Kichwa kimening'inia, macho chini yanatafuta vidole vya miguu, na mwili wote unakwenda kulia kama mlango uliokatika bawaba moja. Na mkono wa kulia ukanyanyuka wenyewe, sikuutuma, ukawa unapapasa hewani.

Na wewe ukaingia.

Uliweka madaftari chini, ukaja ukaingia chini ya ule mkono, hata hukuutazama, kama mtu anayeingia nyumbani kwao. Tukaondoka pamoja kuelekea mlangoni, na kamera ikatuona kwa nyuma. Watu wote mle ndani walikuwa wananitazama mimi, ni kazi yao. Mimi nilikuwa nimeshajizoea. Nilikutazama wewe. Bega la kushoto lilikuwa chini. Kiuno umekisukuma nje ili kubeba uzito, mguu mmoja unauburuta, shingo umeipinda. Ulikuwa unatembea kama mimi. Mtoto mzima, asiye na ugonjwa, hajawahi kupanda lori, anatembea ulemavu wangu hatua kwa hatua.

Hakuna aliyecheka. Wewe uliyekuwa umekaa kando yangu ukaninong'oneza, "Baba, mimi nimetokea!" Ulikuwa umefurahi. Ulikuwa mtoto, ulikuwa umejiona kwenye video.

Mzee Bura ndiye aliyesema kwanza. "Mikono yangu haikuwahi kuliona hilo. Kila siku nilikuwa namshika yeye, huyu mtoto yuko pale kwenye benchi, sikumtazama."

Sista naye akasema taratibu, "Na mimi ningekumbuka kuizima, leo ningeandika amepona."

Yule mnene akauliza, "Sasa tuandikeje? Inafaa au haifai?" Wakaanza tena kubishana. Sijui waliandika nini. Unapokwenda huko chuoni watakuuliza hayo hayo, maana mashine zinakuja, na mimi sikufundishi kazi ambayo sijasomea. Nakuambia tu niliyoyaona nikiwa upande wa kutazamwa. Mtu akijua anatazamwa, anakupa anachodhani unakitaka. Nilimdanganya Sista na kamera yake, ila Mzee Bura naye nilimdanganya mara nyingi kwa vichekesho, akiwa amenishika kabisa. Nilinaswa siku ambayo hakuna aliyekuwa ananitega.

Toka siku ile walinitibu wote wawili. Sista ananionyesha nilivyo, bila kunificha, naona mwenyewe kulia kunavyonila. Mzee Bura ananirudisha katikati kwa mikono. Kisha Mzee Bura akakuita wewe. Unakumbuka? Ulimwamkia, "Shikamoo, babu," akaitika, "Marahaba, mjukuu, leo nakufukuza kazi." Ukadhani umekosea, ukaanza kulia. Akakuonyesha: simama karibu naye, mkono uwe tayari, lakini usiguse. Aanguke kidogo. Ajitafute. "Ukimshika kabla hajayumba," akasema, "unamfundisha kwamba wewe ndiye ardhi." Ulimtazama kama mtu mkatili. Na mimi pia.

Nilianguka sana mwaka ule, Paskalina. Nilianguka kwenye mahindi ya jirani, nilianguka mbele ya mwenyekiti wa kijiji, niliangukia mbuzi. Lakini niliacha kuimba nyimbo za ulevi. Nikianguka nasema, "Nimeanguka, mimi mgonjwa wa kizunguzungu," na ajabu ni kwamba dunia haikuisha. Walinipa mkono nikasimama. Leo nalima, nachonga mipini, naendesha baiskeli kwenye tambarare kama huna haja ya kuniona nikigeuka. Kilichobaki ni kidogo: giza likiingia, na kwenye mteremko, kulia bado kunaniita kwa jina.

Na wewe umebaki pale pale. Ndiyo maana nimeandika. Juma lililopita nilikupeleka kwa fundi cherehani kupimwa gauni jeupe la chuo. Ulipotoka nje fundi akaniuliza, "Baba Paskalina, huyu binti bega la kushoto liko chini. Nishushe gauni, au utaliinua bega?" Nikamjibu kwa utani, nikasema binti yangu ni wa fasheni. Nikarudi nyumbani nikakaa nyuma ya jiko. Miaka yote hii unakwenda kisimani, shuleni, hata komunyo, ukiwa umeliinamisha, na mkono wangu haupo! Unaliweka tayari kwa ajili yangu hata nikiwa shamba na wewe uko jikoni.

Nilimwambia fundi alishone gauni limenyooka. Litakukaa vibaya kwa muda. Livae hivyo hivyo.

Sasa kuhusu kesho. Sanduku atalibeba mjomba wako kwa baiskeli. Mama yako atatembea na mimi. Kutoka hapa mpaka stendi ni ule mteremko wetu, na basi linaondoka alfajiri, kabla hakujapambazuka vizuri: giza na mteremko, maadui zangu wote wawili wamekubaliana wakutane kukuaga. Nimefikiri nibaki nyumbani niseme nina homa. Nimekataa. Nakuja.

Lakini utatembea mbele. Mbele kabisa, siyo kulia kwangu. Na usigeuke kuniangalia, nakuomba kama baba na kama mtu anayejijua. Ukigeuka nitajua kamera imewashwa. Nitakaza shingo, nitabana pumzi, nitakutabasamia, na wewe unajua mwisho wa mtu wa namna hiyo. Niache nitembee vibaya kwa amani nyuma yako.

Na ukisikia kishindo, usiwe na wasiwasi. Ni mimi na ardhi tunaamkiana, tunafahamiana siku nyingi. Mama yako yuko karibu, mkono wake uko tayari. Wewe nyanyua bega, panda basi.

Ni mimi baba yako,
Domi, nyota wa video